Somo la Chenga: Tunavyoharibu Video Tukidhani Tunabana Nafasi

Wadau, leo naomba tuachane na siasa kidogo. Nataka kuzungumzia jambo linaloonekana dogo, la kifundi, la vijana wa stendi, lakini kwa mtazamo wangu lina uzito kuliko nusu ya habari tunazoandika magazetini. Nazungumzia kukonveti video. Ndiyo, ile shughuli ya kuchukua faili kubwa na kulifanya dogo ili liingie kwenye simu au kishikwambi.

Najua kuna ambao wameshaanza kucheka. "Huyu jamaa kakosa habari huko Babati!" Vuteni subira kidogo, kisha mcheke vizuri mwishoni.

Sisi tuliokuwa watoto miaka ya mwisho ya 2000 tunazikumbuka simu za kaka zetu. Memori kadi ya GB 1 ilikuwa mali. Unampelekea kijana mwenye kompyuta pale stendi, anakujazia nyimbo na muvi, unalipa, unaondoka. Muvi zenyewe zilikuwa katika muundo wa 3GP, picha ya pikseli 176 kwa 144. Mhusika mkuu hana pua, adui hana macho, gari likipita unaona madonge ya rangi yanakimbizana. Lakini tulikuwa tunafurahi, maana muvi ya ngumi unaielewa hata kama stelingi hana pua. Na kabla ya hapo nyumbani tulikuwa na VCD, pikseli 352 kwa 288, diski moja inabeba dakika 74 hadi 80 hivi, muvi ikiwa ndefu unainuka kwenda kubadilisha.

Kizazi chetu tukalelewa na kanuni moja: video nzuri ni ile ambayo zinaingia nyingi. Fundi anasifiwa kwa idadi. "Yule kaniwekea muvi 20 kwenye kadi moja!" Nani aliuliza zinaonekanaje?

Kwa muvi za ngumi, sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni kwamba kanuni hiyo hiyo tumeihamishia shuleni.

Mnakumbuka sensa ya Agosti 23, 2022, ile iliyotuambia Watanzania tupo 61,741,120. Makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, na baada ya sensa Serikali ikaamua vifaa hivyo viende kwa walimu. Ni vishikwambi karibu 300,000, na ugawaji ukaanza mwishoni mwa mwaka huo huo. Kwa mawazo yangu huo ulikuwa uamuzi mzuri. Vifaa vingeweza kuozea stoo kama tulivyozoea, badala yake vikaenda kwa mtu anayesimama mbele ya watoto.

Lakini kishikwambi kitupu ni sawa na sufuria tupu. Swali ni unapika nini ndani yake.

Nimekaa na walimu kadhaa wa shule za kata huku wilayani, shule nisizotaka kuzitaja. Wapo wanaojituma kwelikweli. Shule ina mwalimu mmoja wa Fizikia, mwenzake wa shule ya jirani anafundisha Kemia vizuri, basi wanarekodiana vipindi kwa simu na kupeana. Wazo zuri sana hilo, tena halijatoka kwenye warsha ya mtu yeyote. Shida inaanza pale video inapotakiwa kuhama. Faili ni kubwa, linagoma kuingia. Linapelekwa kwa kijana wa kuingiza muvi. Naye anafanya anachokijua: anaminya mpaka liingie. Kijana halaumiwi, hakuna aliyemwambia kilichomo ni somo.

Nilionyeshwa kipindi kimoja cha Kemia kilichopita kwenye mikono ya namna hiyo. Sauti ya mwalimu inatoka kama yuko ndani ya pipa. Ubaoni kuna mlinganyo mrefu, na nilipojaribu kuusoma sikuweza kujua kama pale mwishoni pameandikwa 6 au 8. Nikamuuliza mwanafunzi aliyekuwa ananakili, wewe umeandika ngapi? Akasema, "Nimeandika 8, ila mwenzangu kaandika 6." Hapo sasa! Watoto wawili, video moja, kemia mbili tofauti.

Tuweke hesabu mezani, maana bila hesabu tutabaki kulalamika tu.

Kipindi cha sekondari ni dakika 40, yaani sekunde 2,400. Simu nyingi za Android zikirekodi kwa ukubwa wa mistari 1080 hutumia kama megabiti 17 kwa kila sekunde. Zidisha, gawa kwa 8 upate baiti: kipindi kimoja ni kama GB 5.1. Hapo unakutana na ukuta mwingine, maana flashi na kadi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32 ambao haukubali faili moja linalozidi GB 4. Ndiyo maana mwalimu anaona flashi ina nafasi tele lakini faili linakataa, anadhani flashi ni feki.

Sasa tuje kwenye ubao. Tuseme mwalimu amepigwa picha ubao wote ukionekana, na herufi yake ina urefu wa mistari 30 katika ile 1080. Ukipunguza video iwe ya mistari 480, herufi inabaki na mistari 13. Inasomeka bila tabu. Ukishuka hadi 240, inabaki na 6 au 7, hapo unasoma kwa kukodoa macho. Ukishuka hadi 144, inabaki na mistari 4. Kwa mistari 4 hakuna mtu duniani anayeweza kutofautisha 6 na 8. Na ile namba ndogo ya chini kwenye H₂SO₄, ambayo ni nusu ya herufi, imeshapotea zamani.

Na hapo tumeokoa nini? Kipindi cha mistari 480, fremu 15 kwa sekunde, picha ikipewa kilobiti 400 na sauti kilobiti 64, kinakuwa MB 140 hivi. Kipindi hicho hicho cha mistari 144, picha kilobiti 100 na sauti ile ile, kinakuwa MB 49. Yaani kutoka GB 5.1 tumeshashuka zaidi ya mara 36 na ubao bado unasomeka, halafu kwa uroho wa kuokoa MB 90 za mwisho tunalitupa somo lenyewe. Kadi ya GB 16 inabeba vipindi zaidi ya 100 vya MB 140. Ni nani ana vipindi 100 vilivyorekodiwa vizuri mpaka akose pa kuviweka?

Hapa Babati tunakula mchele wa Magugu, kwa hiyo naomba nitumie mfano wa mashine ya kukoboa. Mpunga una pumba, na pumba lazima itoke, hakuna anayeililia. Fundi mzuri anatoa pumba, punje inabaki nzima. Fundi mbaya anakaza mashine mpaka punje zinavunjika, unarudi nyumbani na gunia la chenga. Na chenga, ndugu zangu, huwezi kuzirudishia mashine zikawa punje tena. Video ni hivyo hivyo. Ukishaiminya hadi 144, kuirudisha 720 kunaongeza ukubwa wa faili tu, herufi hairudi. Na ukikonveti kitu ambacho tayari kilikonvetiwa, unakoboa chenga.

Sasa pumba ya video ni ipi? Programu hizi hazihifadhi kila picha nzima. Zinahifadhi picha moja kamili, halafu kwa picha zinazofuata zinaandika kilichobadilika tu. Ubao umetulia, haubadiliki, kwa hiyo unagharimu kidogo mno. Kinachogharimu ni mtikisiko. Mtu akishika simu mkononi, mkono unacheza, kila kitu kwenye picha kinahama kila sekunde, na faili linavimba bila faida yoyote kwa mwanafunzi. Darasa likiwa na giza, kamera inazalisha chengachenga za rangi zinazobadilika kila mara, nazo zinakula biti. Kwa hiyo kazi ya kubana video inaanza kabla hata hujagusa kompyuta: egemeza simu kwenye dawati na matofali mawili, fungua madirisha, mwambie mwalimu aandike herufi kubwa. Hivyo vyote ni bure.

Wakubwa wa dunia wanalijua hili. Mwaka 2015 wahandisi wa Netflix walieleza kwamba wameacha kutumia kipimo kimoja kwa kila filamu. Walitoa mfano wa katuni yenye rangi tulivu, kwamba haihitaji biti nyingi kama filamu ya mapambano yenye moshi na watu wanaokimbizana. Kila kitu kipimwe kivyake. Jamani, kampuni yenye pesa zote zile inakaa chini kuuliza hii video inahitaji nini, sisi wenye kadi ya GB 16 tunaminya katuni, harusi, mpira na Kemia kwa kipimo kimoja!

Ndiyo maana nasema suala hili si la ufundi peke yake. Ni suala la kujiuliza mtazamaji anahitaji kuona nini. Kwenye harusi ni nyuso. Kwenye mpira ni ule mpira wenyewe, mdogo na wenye kasi, kwa hiyo ukipunguza fremu umeharibu. Kwenye somo ni maandishi ya ubaoni na sauti ya mwalimu. Sauti hasa naomba tusiichezee. Huku kwetu mtoto wa kijijini anaongea Kiiraqw, Kigorwa au Kimbugwe nyumbani, shule ya msingi anasoma kwa Kiswahili, halafu akifika kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza uso kwa uso. Mtoto huyo faida yake kubwa kwenye video ni kurudia. Mwalimu darasani hawezi kurudia sentensi moja mara saba, kishikwambi kinaweza. Lakini ukimpa sauti ya ndani ya pipa, atarudia mara saba na mara zote saba hatasikia kitu.

Kwa wale mtakaonikimbilia kuniuliza "sasa tufanyeje?", haya ndiyo ninayowaambia walimu ninaokutana nao.

Kwanza, pata HandBrake. Ni programu ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaishusha mara moja haihitaji intaneti. Hata VLC ambayo wengi mnayo tayari inaweza kukonveti, ila HandBrake inakupa uhuru zaidi.

Pili, chagua MP4 na kodeki ya H.264. Ni ya tangu mwaka 2003, na karibu kila kifaa kinaielewa. Ipo H.265 ya mwaka 2013 ambayo inaweza kufikia ubora ule ule kwa takriban nusu ya ukubwa, na inavutia kweli, lakini kifaa kisichokuwa na uwezo wa kuifungua kwa chipu yake kitakwama kwama na kumaliza chaji. Shule isiyo na umeme wa uhakika, chaji ni mali kuliko nafasi. Jaribu faili moja kwanza kabla ya kugeuza 50.

Tatu, usiweke ukubwa wa faili, weka ubora. Kwenye HandBrake kuna namba ya RF. Ikishuka ubora unapanda, ikipanda faili linakuwa dogo. Anza na 22 au 23 kwa mistari 480, tazama ubao, kisha panda kidogo kidogo mpaka pale maandishi yanapoanza kuchafuka, halafu rudi hatua moja nyuma. Programu yenyewe itatumia biti chache ubao ukiwa umetulia na nyingi pakiwa na mabadiliko.

Nne, sauti iwe ya chaneli moja. Mwalimu ana mdomo mmoja, stereo ya nini?

Tano, chagua mwendo wa taratibu katika kukonveti. Kompyuta itachukua muda mrefu, lakini utapata faili dogo kwa ubora ule ule. Iache usiku, asubuhi utalikuta.

Sita, kabla ya kugawa, ifungue kwenye kishikwambi chenyewe, si kwenye kompyuta. Mpe mtoto asome ubao kwa sauti. Akisoma, umemaliza. Asiposoma, rudi kwenye faili la awali.

Na hilo faili la awali lisifutwe! Tafuta hadi diski ya nje, lihifadhi. Miaka kumi ijayo vifaa vitakuwa na nafasi kubwa, na utataka nakala safi.

Kuna hoja mbili ambazo huwa napewa, na ni haki kuzijibu.

Ya kwanza: "Intaneti inasambaa, mambo ya flashi na kadi yamepitwa na wakati. Si waangalie YouTube?" Ndugu yangu, wewe uliyeko mjini unaangalia YouTube kwa bando lako. Mtoto wa kijiji kimoja nyuma ya Galapo au juu kule Bashnet hana hilo bando. Na hata mtandao ukiwepo, ukidhoofika YouTube yenyewe inashusha picha hadi 144. Yaani inamletea mtoto wa kijijini chenga zile zile, tofauti ni kwamba safari hii amezilipia. Faili lililoandaliwa vizuri na kuwekwa kwenye kifaa halidhoofiki mvua ikinyesha.

Tena tunao mfano hapa hapa nchini. Kati ya mwaka 2017 na 2019 mkoani Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto takriban 2,700 katika vijiji karibu 170, wengi wao hawakuwa wanakwenda shule. Vifaa vilichajiwa kwa umeme wa jua, programu zilikuwa kwa Kiswahili, na ziliandaliwa zifanye kazi bila intaneti. Watoto walipopimwa mwishoni walikuwa wameongeza uwezo wa kusoma, kuandika na kuhesabu, na mwaka 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10. Funzo ninalolipata pale ni moja: kilichomo ndani ya kifaa kilitengenezwa kwa ajili ya kifaa hicho na mtoto huyo. Hakikuokotwa na kuminywa.

Hoja ya pili: "Walimu wana mzigo mkubwa, unawaongezea ufundi wa video?" Hapo nakubaliana nanyi kabisa. Mwalimu mwenye madarasa manne yaliyojaa hapaswi kukesha akihesabu kilobiti. Ndiyo maana ombi langu silielekezi kwake. Naliepeleka kwa halmashauri zetu. Kila halmashauri ina Afisa TEHAMA. Apewe kompyuta moja yenye nguvu ya wastani na diski mbili za nje, na itengwe siku moja ya wiki kupokea vipindi vilivyorekodiwa na walimu wenyewe, kuvikonveti kwa kipimo kimoja kinachoeleweka, kuvipa majina yanayoeleweka (somo, kidato, mada), na kuvirudisha kwenye shule zote. Gharama yake haifiki hata bei ya semina moja ya siku tatu yenye posho na chai ya saa nne. Na kwa kuwa masomo ni ya walimu wetu wenyewe, wakikubali kwa maandishi, hakuna atakayekuja kutuuliza habari za hakimiliki.

Na wale vijana wa kuingiza muvi tusiwatenge. Wanajua kazi, wanakosa maelekezo tu. Mwambie "hili ni somo, nataka ubao usomeke, MB 140 zinatosha" uone kama hatafanya.

Niongeze jambo moja kwa wenzangu waandishi. Maporomoko ya tope yalipoikumba Katesh, kwa jirani zetu wa Hanang, Desemba 3, 2023, video zilizunguka kwenye WhatsApp usiku na mchana. Kila inapotumwa kama video ya kawaida inaminywa, inapokelewa, inahaririwa, inatumwa tena, inaminywa tena. Ikifika mkono wa tano hujui kama unaona nyumba au mwamba. Zile video ni ushahidi na ni kumbukumbu ya watu waliopoteza ndugu. Ukipata tukio la namna hiyo, tuma kama hati, siyo kama video, ili faili lifike kama lilivyotoka kwenye kamera, na hifadhi ile ya awali. Mjukuu wa mtu wa Katesh atakapotaka kujua kilichotokea, asikute madonge ya rangi.

Tusikubali ile imani kwamba kitu cha kijijini kinaweza kuwa kibovu ilimradi kimefika. Eti "bora wameona." Wameona nini? Mtoto aliyenakili 8 badala ya 6 atakutana na Baraza la Mitihani kwenye kidato cha nne, na msahihishaji hatamuuliza video yake ilikuwa na mistari mingapi. Atamwekea mkasi tu.

Pumba itoke, punje ibaki.

Naomba kuwasilisha.